Maneno Tisa ya Daraja

Bibi alianguka bafuni Jumanne asubuhi, sabuni ikiwa bado mkononi. Mkwe wake alikuwa jikoni, akasikia kishindo, akadhani ni ndoo. Alipokwenda kutazama alimkuta mama mkwe amelala ubavu, mdomo umekwenda upande, jicho moja wazi na maji yanamtiririkia mgongoni. Akamfunika shuka kwanza, kwa heshima, ndipo akamwita binti yake. Wakamburura wawili hao mpaka kitandani, kisha mtoto akatumwa mbio darajani kumwita baba yake.

Baba hakuja. Si kwamba hakutaka. Msemeshaji wa chuma haruhusiwi kuiacha nguzo yake kabla treni ya saa nne haijavuka, hata nyumba yake ikiwa inaungua. Mnyapara alimwambia hivyo mbele ya wenzake, akaongeza kwamba kila mtu ana mama. Kwa hiyo mtu mzima yule, mwenye ndevu na beji ya shaba kifuani, alibaki ameinama, midomo imegusa mhimili, akisema maneno yake tisa huku machozi yanamdondoka. Shika. Beba. Tulia. Ngoja. Ungana. Rudi. Nyooka. Usipasuke. Usilie. Chuma kilimsikia kama siku zote. Treni ikavuka.

Chuma hicho kilikuja kwa meli, mafundi wa Serikali wakakiunga kwa vipimo vyao, na mwaka wa kwanza kikapasuka mara nne. Ndipo mbeba mawe mmoja alipokisemesha kwa kikwetu, kama baba yake alivyokuwa akisemesha majembe, na ufa ukaziba watu wanaona. Kwa nini chuma cha watu wengine kisikie kikwetu na kisisikie Kiserikali, wahandisi hawakujua na hawakupenda kuulizwa. Walichofanya ni kutunga sheria. Kikwetu kikawa mali ya daraja. Mwenye beji alikisema kazini, maneno tisa yaliyoidhinishwa, basi. Kukisema nyumbani ulikuwa wizi, sawa na kutoka kazini na bolti mfukoni.

Ndiyo maana kila nyumba katika kota za daraja ilikuwa na chupa juu ya mlango, na ndani ya chupa unga wa chuma uliolala chini kama vumbi. Neno moja la kikwetu likitamkwa chumbani, unga ulisimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa, na ukishasimama haukulala tena. Chupa ile ilikuwa imekaa juu ya mlango wa msemeshaji miaka kumi na minne bila kutikisika. Mkewe alikuwa akiifuta vumbi kila Ijumaa.

Daktari wa zahanati alisema mshipa wa kichwani umeziba. Upande mmoja umekufa, lakini bibi ataishi. Akaacha vidonge vyeupe kwenye karatasi, akaenda zake.


Alhamisi bibi alifungua mdomo. Kiserikali alichokisema miaka thelathini, chenye makosa lakini chake, kilikuwa kimekwenda na ule upande uliokufa. Kilichotoka ni kikwetu, kingi, cha haraka, kama maji ya bomba lililokatika. Mkwe wake, ambaye ni mtu wa milimani na kikwetu hakijui hata cha salamu, hakumtazama mgonjwa. Alitazama juu ya mlango. Unga wote ulikuwa umesimama.

Ni msemeshaji peke yake aliyeelewa. Mama yake alikuwa akisema kwamba godoro limelowa, kwamba anaona aibu, na kwamba yule mtoto mgeni, ambaye ni mjukuu wake, atolewe nje kwanza. Mkewe wakati huo alikuwa akimlazimishia kikombe cha maji mdomoni, akidhani ana kiu.

"Mama, nimesikia," msemeshaji alisema kwa Kiserikali. "Nakubadilishia sasa hivi."

Bibi alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoza kodi. Macho yake yalikuwa na ukungu tangu zamani. Watu aliwajua kwa sauti na kwa maneno, si kwa sura. Sauti hii ilifanana na ya mwanawe, lakini maneno yalikuwa kelele tu. Msemeshaji alimwinua, akamvua gauni, akambadilishia shuka, na muda wote huo mama yake aliugeuzia ukuta uso, kwa sababu mwanaume asiyemjua alikuwa anamvua nguo.

Jumamosi alikuja Bwana Chupa. Jina lake halisi lilikuwa refu na hakuna aliyehangaika nalo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambaa cha kujifutia shingo, na upole wake ndio uliowachosha watu, maana humwezi mtu anayekuomba radhi huku anakunyonga. Aliomba kigoda, akapanda na viatu vyake, akaitazama chupa kwa muda mrefu.

Msemeshaji alieleza. Bwana Chupa alisikiliza yote, akasema ugonjwa ni jambo la kusikitisha sana, lakini ni lazima ajaribu mwenyewe. Akiwa bado juu ya kigoda alimwonyesha mgonjwa kikombe, akamwambia kwa Kiserikali, taratibu, kama anavyofundishwa kasuku: sema kikombe. Bibi alimsikiliza. Kisha akasema maneno mengi, kwa utulivu.

"Amesema nini?" Bwana Chupa aliuliza.

"Anakushukuru kwa kuja kumwona."

Bibi alikuwa ameuliza ni nani aliyemruhusu huyu mwenye shingo ya bata kupanda kigoda chake, na kama kwao hakuna viti hadi avunje vya watu. Msemeshaji aling'ata shavu kwa ndani. Miaka thelathini hakuwa amemsikia mama yake akimtania mtu. Kwa Kiserikali alikuwa mwanamke mkimya, wa ndiyo na hapana na asante. Watu wa kota walimwita mama mpole. Hakuna aliyejua kwamba ndani yake alikaa mtu mwingine, mwenye mdomo kama wembe, ambaye zamani wanawake walimfuata kisimani ili tu wasikie leo atamsema nani.

Bwana Chupa aliishusha chupa, akaweka mpya. Alisema hii ya leo ni ya kwanza. Jumamosi ijayo akiikuta nyingine imesimama, itakuwa ya pili. Ya tatu, wanahama kota na beji inarudi. Aliomba radhi, akajifuta shingo. Hakuwa amefika kwenye geti, unga wa chupa mpya ukawa umeshasimama.


Walijaribu. Mke wa msemeshaji alimfunga mama mkwe kitambaa mdomoni, kwa wororo, huku akimwomba msamaha kwa lugha ambayo mgonjwa haisikii tena. Bibi alikifungua kwa mkono wake mzima, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya mto. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne walikuta vitambaa vinne chini ya mto, vimepangwa kama vya dukani.

Walihamishia kitanda pembe ya mwisho ya chumba, mbali na mlango. Haikusaidia. Ikasaidia tu kuleta ugomvi, maana upande ule ukuta ulikuwa wa mbao na nyuma yake alikaa fundi cherehani, mjane mwenye watoto wanne na mkataba wa kushona sare za darajani. Fundi alikuja dirishani, hakuingia ndani.

"Shemeji, mimi na mama hatuna neno," alimwambia msemeshaji. "Ila unga wangu umeanza kuinama upande wenu. Nakuomba mwenyewe kabla sijaenda kuomba kwingine."

Msemeshaji alirudisha kitanda mahali pake. Fundi alishukuru, na tangu siku ile akawa anapita nyuma ya nyumba ili wasikutane.

Ambaye hakujaribu kitu ni binti. Alikuwa na miaka kumi na kichwa chepesi, na baada ya shule kazi yake ilikuwa kukaa na bibi yake mpaka mama amalize kufua. Bibi alisema, mtoto alisikiliza. Bibi alionyesha kidole, mtoto alileta. Kwa siku tano akawa anajua maji, dirisha, nigeuze, panawasha, funga mlango, na neno moja lenye maana ya mwongo ambalo bibi alilitumia kwa karibu kila mtu. Siku ya sita akaanza kujibu.

Msemeshaji alirudi kutoka kazini saa tisa siku hiyo, akasikia kicheko kutoka ndani. Vicheko viwili. Alisimama uani na kofia mkononi. Mwanawe alikuwa anamwelezea bibi, kwa kikwetu kibovu kilichopinda kila mahali, kwamba mwalimu wao ana miguu ya kuku, na bibi alikuwa anamsahihisha huku anacheka hadi anakohoa. Mtu mwingine angekaa chini asikilize. Msemeshaji alitazama chupa, akaona unga umesimama mpaka kwenye kizibo, akaingia na kumpiga mtoto kofi lililomwangusha.

Alimpiga la pili akiwa chini. Alimwambia kwamba anataka kuwafukuzisha, kwamba shuleni likimponyoka neno moja tu watamkata nywele mbele ya watu kama walivyomfanyia mtoto wa fulani. Yote haya yalikuwa kweli.

Bibi aliinua mkono wake mzima. "Wewe mwanaume," alisema kwa kikwetu, "usimpige mtoto wa watu."

Kisha akageuza uso mlangoni na kuanza kumwita mwanawe. Alimwita kwa jina la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine aliyebaki hai analijua. Alimwambia aje upesi, kuna mtu ameingia ndani anapiga watoto, na yeye mguu haumbebi. Msemeshaji alisimama katikati ya chumba akiitwa. Aliitwa mara sita. Hakuitika.

"Anasemaje?" mkewe aliuliza kutoka uani.

"Hamna kitu. Anataka maji."

Mkewe akaleta maji.


Jumamosi Bwana Chupa aliishusha chupa ya pili. Alipoondoka, mke wa msemeshaji alikaa kwenye kile kigoda, akasema jambo alilokuwa amelibeba wiki nzima. Wahame wenyewe kabla hawajahamishwa. Kaka yake kule milimani alikuwa na kibanda kisichokaliwa, na milimani hakuna chupa, kwa sababu kilugha chao cha milimani hakinyooshi hata msumari na Serikali haina shida nacho.

"Nikafanye nini huko?" mumewe aliuliza. "Kazi yangu mimi ni mdomo."

"Utalima kama watu."

"Kwa mikono hii?"

Alimwonyesha mikono yake, laini kama ya karani, na alionyesha kwa fahari kidogo. Mkewe aliitazama, akarudisha kigoda mahali pake. Msemeshaji wa daraja alikuwa mtu. Alikuwa na nyumba ya bati na sare, na watu walimpisha dukani. Kule angekuwa shemeji wa mtu, anayekula kwa mtu. Njia hiyo ilikuwepo, na alionyeshwa. Hakuitaka.

Jumatatu aliomba ruhusa akaenda ofisini. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa sita, watu waliokuja nyuma yake wakaingia na kutoka. Karani aliyemwita alikuwa mtu wa kwetu. Ilionekana kwa jinsi alivyojitahidi isionekane. Msemeshaji alieleza shida yake akiwa amesimama, kwani hakukaribishwa kiti: alikuwa anaomba kibali cha kusema na mama yake, maneno machache tu, hata kama ni nusu saa kwa siku, hata kama ni mbele ya askari.

"Kibali cha kusema na chuma kipo," karani alisema. "Cha kusema na mama hakipo."

Msemeshaji aliendelea kusimama. Karani alifunga faili, akamtazama kidogo, akafungua jingine. Alisema mzee wa namna hiyo, asiye na lugha nyingine kichwani, Serikali inamhitaji. Kuna Nyumba ya Wazee chini ya daraja. Kitanda, chakula mara tatu, na daktari kila wiki. Na kosa la chupa mbili linafutwa.

"Kuna wa kuzungumza naye?"

"Wapo wazee kumi na wanane. Wote ni wa lugha hiyo hiyo."

"Ataruhusiwa kusema?"

"Atasema mpaka achoke mwenyewe," karani alisema. "Hakuna atakayemzuia."

Katika hayo yote karani hakusema uongo hata mmoja. Msemeshaji alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, kwa mwandiko mzuri. Njiani kurudi alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliwaza jinsi mama yake atakavyowakalisha wale wazee kumi na wanane na kuwasema mmoja mmoja, na jinsi watakavyocheka. Alipofika nyumbani alimweleza mkewe hivyo hivyo, mpaka mkewe naye akatabasamu.

Walimpeleka Jumatano kwa mkokoteni. Mke wa msemeshaji alifungasha magauni mawili, kitana na vitambaa vile vinne. Binti aliambiwa atoke amuage bibi yake. Akasema ana kazi ya shule. Bibi aliketi juu ya mkokoteni ameegemezwa mito, akasikia harufu ya maji ya mtoni, akadhani anarudishwa kwao. Alimshukuru mvuta mkokoteni njia nzima, akamwambia kweli mama yake alizaa mtu. Mvuta mkokoteni hakuelewa, aliitikia tu ndiyo, ndiyo. Getini askari walimpokea. Ndugu hawaruhusiwi kupita hapo.


Kesho yake asubuhi msemeshaji aliinama kwenye nguzo yake, ile ya tatu, aseme maneno yake, akakuta chuma kimeshatulia. Kilikuwa na uvuguvugu, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Aliweka sikio badala ya mdomo. Akamsikia mama yake.

Wazee walikuwa kumi na wanane kweli, na sasa kumi na tisa. Kila mmoja alikuwa na chumba chake chini ya nguzo yake, ukuta wa mawe pande tatu, na upande wa nne mhimili, kitanda kimegeuziwa huko ili kila linalotoka mdomoni liishie kwenye chuma. Hakuna aliyemwona mwenzake. Sauti ilipanda na mhimili, haikushuka. Bibi alikuwa anauliza kama kuna mtu. Aliuliza kwa adabu kwanza. Kisha akaanza kusimulia, na kutania, na kuimba kidogo, na kuuliza tena, na chuma kilichozoea kulishwa maneno tisa kwa siku kikawa kinamsikia mtu mzima anazungumza. Kilinyooka. Nyufa za miaka zikaziba. Mhandisi alikuja na kipimo chake, akapima mara mbili, akampigia simu mkubwa wake hapo hapo.

Msemeshaji alimtafuta msemeshaji mkongwe wa nguzo ile, ambaye wote walimwita Kigugumizi, akamwambia alichokisikia. Hakujua amwambie nani mwingine.

"Na wewe ulidhani ni ho-hoteli?" Kigugumizi alisema. Akaona amemuumiza, akajaribu kutengeneza. "Mama yako ana maneno, bwana. Da-daraja linasikia raha. Sisi ndio tumekwisha."

Walikwisha mwisho wa mwezi. Wasemeshaji sita wa nguzo ya tatu walipangwa mstari, mhandisi akawapa mkono mmoja mmoja na kuwaambia Serikali haitawasahau. Beji ilitolewa kwa kuchomoa pini. Ikaacha matundu mawili kwenye shati. Mke wa msemeshaji alijaribu kuyashona jioni ile, lakini uzi ulionekana, akaufumua.

Kota ziliwataka watoke ndani ya siku kumi na nne. Walipata chumba nyuma ya dobi, ambako mke wa msemeshaji alianza kupiga pasi kola za watu. Mumewe alibeba mafurushi ya nguo chafu, na mikono yake ikachubuka, ikaota sugu, ikawa kama ya watu. Kibanda cha milimani kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Kwenye chumba hiki hapakuwa na chupa. Chupa ni kwa ajili ya wenye beji. Asiye na beji akisema neno la kikwetu popote, hakuna ya kwanza wala ya pili, ni jela miezi sita.


Kila baada ya miezi mitatu ndugu wa karibu aliruhusiwa kumtembelea mzee wake kwa robo saa. Karatasi ilipofika, msemeshaji aliisoma mara kadhaa. Kisha alifanya jambo ambalo lilimchukua siku mbili kulifikia. Alikwenda kwa binti yake, aliyekuwa anafanya hesabu juu ya sanduku la sabuni, akachuchumaa.

"Ukimwaga maji ya bibi," alisema, "halafu ukataka asikukasirikie. Ulikuwa unamwambiaje?"

Mtoto hakuinua kichwa. "Mimi siijui lugha hiyo, baba."

"Sikupigi."

"Najua. Ila siijui."

Alilisema kwa Kiserikali safi, kisicho na dosari, ambacho mwalimu angekisifu. Mama yake aliacha pasi hewani. Msemeshaji alikaa pale pale chini muda mrefu, akijipekua mwenyewe. Alichukuliwa shule ya daraja akiwa na miaka tisa. Kusikia alisikia yote, lakini ya kusema alikuwa na maneno ya mtoto: mama, njaa, nipe, mbwa. Alikuwa na maneno tisa ya kazi. Katikati palikuwa peupe. Miaka yote ile aliyokuwa akiogopa kusema, hakuwahi kujiuliza kama amebaki na cha kusema.

Alikwenda Jumapili mchana. Chumba kilikuwa kisafi. Kitanda kimefungwa sakafuni kwa bolti, mhimili unang'aa kwa pumzi. Askari, kijana mwenye karanga mfukoni, aliweka juu ya stuli chupa iliyozoeshwa sauti ya mzee wa chumba hicho, isisimame ila kwa mgeni, akatazama saa, akaegemea mlango. Bibi alikuwa amekonda hadi mabega yamesimama. Alikuwa anasema na chuma, bila kupumzika, kwa sauti iliyokwaruza.

"Mama, ni mimi," msemeshaji alisema kwa Kiserikali.

Bibi alinyamaza kidogo, kama mtu anavyonyamaza lori lipite, kisha akaendelea. Alijaribu tena. Alimgusa bega, bibi alilivuta. Dakika kumi zilikwenda namna hiyo, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alisikiliza. Mama yake alikuwa anauhadithia mhimili habari za mwanawe. Alisema alikuwa mtoto mbishi, mwenye kupenda kulala. Alisema hana shaka sasa kwamba amekufa, na hamlaumu tena, kwa sababu angekuwa hai angesema japo neno moja.

"Dakika tatu," askari alisema.

"Mama," msemeshaji alisema kwa kikwetu.

Unga ulisimama. Askari aliacha kutafuna.

Bibi aligeuza kichwa chote. "Nani?"

"Mimi."

Mkono wake mzima ulinyooka ukatafuta, ukapata ndevu, ukapanda shavuni, ukakaa hapo. "Kumbe upo," alisema. "Mbona ulininyamazia?"

Msemeshaji alifungua mdomo. Alitafuta neno la kuomba radhi, halikuwepo. Alitafuta neno la Serikali, la karatasi, la nilitia sahihi, la niliogopa, lakini la woga alilokuwa nalo lilikuwa la mtoto anayeogopa mbwa. Mlangoni askari alikuwa anamwita mwenzake. Mama yake alikuwa anangoja, jicho lake la upande ulio hai limefunguka wazi, uso mzima umegeuka masikio. Basi yakatoka yaliyokuwepo.

"Tulia," alisema. "Usilie." Bibi hakuwa analia. "Ngoja. Shika. Usipasuke."

Mkono ulisita shavuni. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, yote tisa, kama mtu anavyomvumilia mwenye kigugumizi, akangoja linalofuata. Hakuna lililofuata.

"Hayo ni ya chuma, mwanangu," alisema. "Ya kwangu je?"

Askari waliingia wawili, wakamshika kwapani. Hakupigana nao. Bibi aliuliza tena mkono ukiwa bado umenyooka hewani, akauliza mara ya tatu mlango ulipofungwa, na alipoona kimya akaurudishia mhimili uso, akauuliza huo. Treni ya saa nane ilipita juu yao na haikutikisa kitu.